Bi Sentimita Anafunga Daftari la Mto

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, saa kumi na mbili jioni, mwanangu atashuka ngazi ishirini na mbili za daraja kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi. Atasoma kina cha maji kwenye nguzo, atakiandika, na akishapanda juu atakuwa mstaafu. Ameitumikia Tume ya Pamoja ya Mto miaka thelathini na saba na miezi miwili. Aliingia akiwa msomaji wa vipimo wa ngazi ya chini kabisa. Anatoka akiwa Msimamizi wa Wasomaji wote wa upande wetu, vituo tisa. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye faili lake. Mengine ninayo mimi.

Waliotengeneza karatasi hii ya sherehe walimwomba kwanza karani mkuu aandike wasifu. Aliandika ukurasa mmoja mzuri, wenye tarehe zote. Kisha akaja nyumbani kuhakikisha mwaka wa kuzaliwa, akanikuta mimi, nikaanza kumsahihisha. Baada ya saa mbili akafunika kalamu yake, akasema, "Mama, kazi hii ichukue wewe." Nimeichukua. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu umenyooka kuliko wa madaktari wote walionitibu. Na mkiona nimemsifu mno, nivumilieni. Niliyemzaa ni huyu mmoja, sina pengine pa kupeleka sifa.

Kwa mgeni aliyekuja leo kwa ajili ya chai na keki, nieleze kwanza kazi yenyewe. Mto huu ni wa nchi mbili. Sisi tuko juu, wenzetu wako chini. Maji yanapita kwetu, yanaingia kwenye mifereji mitano ya mashamba yetu, na yanayobaki yanashuka kwao, ambako mji mzima unayangoja uyanywe. Wakubwa wa pande zote mbili walikaa wakakubaliana kwamba maji yakishuka chini ya mita moja na nusu kwenye nguzo ya kipimo iliyosimikwa darajani kwetu, sisi tunafunga malango ya mifereji mitatu, ili wenzetu wapate. Makubaliano hayo yana kurasa mia moja na kumi. Nimeyashika kwa mkono wangu, ukiyaweka sakafuni yanazuia mlango usibamizwe na upepo. Lakini uzito wote huo umekaa juu ya mtu mmoja anayeshuka ngazi asubuhi na jioni, anainama, na kusoma namba.

Mtu huyo ndiye mwanangu. Akishasoma, hupanda kwenye chumba cha redio, kile chenye dirisha moja linalotazama mto na meza iliyopigiliwa sakafuni, akamtajia namba msomaji mwenzake wa nchi ya chini. Mwenzake naye humtajia ya kwake. Kila mmoja huandika zote mbili. Mwenzake huyo tangu siku ya kwanza alimwita Jirani, na sisi sote nyumbani tukamwita hivyo hivyo. Miezi ya mwanzo, kwa jinsi mwanangu alivyokuwa akiharakisha chai asiichelewe redio, nilidhani napata mkwe. Nikaulizia ukoo wake. Kumbe ana mke na watoto wanne, na wanachoongea ni maji tu.

Jina la Bi Sentimita alilipata wiki ya tatu. Mkuu wa kituo wa wakati ule alitaka taarifa ya haraka, akamwambia aandike "kama mita mbili hivi." Mwanangu akamuuliza, "Kama mita mbili na sentimita ngapi, mzee?" Akamwambia, "Wewe andika mbili." Akajibu, "Basi niende nikatazame kwanza." Akashuka ngazi zote tena kwenye mvua, akarudi amelowa chapachapa, akaandika mita moja na sentimita tisini na sita. Kuanzia hapo ofisi nzima ikawa inamwita hivyo, wengine kwa kumtania, wengine kwa kumwogopa.

Na mume naye alimpata kwa sentimita. Kijana fundi wa kuchomelea aliletwa kutengeneza vyuma vya kushikia kwenye ngazi za daraja. Alipomaliza, mwanangu akapima, akamwambia, "Fundi, hiki cha chini kimepungua tatu." Fundi akakirudisha karakana, akakirefusha. Siku ya pili akaja kuuliza kama bado kuna kilichopungua. Hakuna. Siku ya tatu akaja tena kuuliza. Mimi nilikuwa nimeketi pale darajani na beseni langu la kufulia, nikamwambia, "Baba, vyuma havikui. Sema shida yako." Huyo ndiye mkwe wangu, yuko hapa leo, amevaa tai.

Sasa niseme la kusema. Wapo vijana wengi kazini ambao hawakulishuhudia, na wakubwa waliolishuhudia hulipitia juu juu. Mwanangu mwenyewe halitaji.

Mwaka wake wa tisa kazini mto ulifurika. Gogo lililong'oka huko juu lilikuja na maji, likaipiga nguzo ya kipimo na kuing'oa kama jino bovu. Maji yalipopungua, fundi wa Tume akaja kuisimika upya. Hapa sikilizeni vizuri, kwa maana kosa lenyewe ni dogo, mnaweza kulipita. Nguzo ile haisimikwi kwa kukisia. Ukutani mwa daraja kuna msumari wa shaba, na kila kitu kinapimwa kutoka kwenye msumari huo. Hutazamwa nguzo inaposimikwa tu, na kwa miaka tisa haikuwahi kusimikwa. Kumbe misumari ilikuwa miwili. Mmoja ni wa Tume. Mwingine, sentimita kumi na nne chini yake, uliachwa na waliojenga daraja, hata Tume haijazaliwa. Siku ile ukuta mzima ulikuwa umepakwa tope. Mwanangu akakwangua kuanzia chini kwenda juu, akakutana na shaba, akamwambia fundi, "Ni huu hapa." Fundi akapima, akasimika, wakapeana mikono.

Nguzo ikawa imekaa chini ya mahali pake, na toka siku ile ikawa inaonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Sentimita kumi na nne. Urefu wa kalamu.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Kule chini mabomba yakaanza kukohoa, kisha yakanyamaza. Wenzetu wakasema fungeni malango. Mkuu wa kituo akawajibu kwamba nguzo inasema mita moja na sentimita hamsini na nane, mahali pa kufunga hatujafika. Wakasema tunawaibia. Tukasema wanamwaga maji yao wenyewe na kutusingizia. Magazeti ya pande zote mbili yakapata la kuandika, na wakubwa wakaanza kusema makubaliano yachanwe, kila mtu ashike lake. Hata kwenye redio mambo yaliharibika. Jirani aliacha kumwita mwanangu "dada." Akawa anamwita "kituo cha juu."

Mimi ni dobi. Mashati ya nusu ya watumishi wa Tume yamepita mikononi mwangu, na wengine wanajua kwamba najua walichosahau mifukoni. Nilikuwa nafulia kwenye jiwe moja lililoko hatua mia mbili chini ya daraja, tangu mwanangu hajazaliwa. Jiwe lile nalijua kama unavyomjua mtu mliyelala chumba kimoja. Maji yakiwa mita moja na nusu, jiwe lilikuwa likitoa mabega tu. Kiangazi kile lilitoa mabega, likatoa na mbavu.

Jioni moja alipopitia kwangu kuchukua watoto, nikamwambia.

"Mama, jiwe si kipimo," akasema, akiwavalisha viatu.

"Sikusema ni kipimo. Nimesema maji yako hayafanani na maji yangu."

"Nguzo haisemi uongo, Mama."

"Na jiwe limeanza lini kusema uongo?"

Alicheka, akaondoka. Lakini mimi ndiye niliyemlea, nikaona kicheko kimefika mlangoni kikarudi. Siku ya pili yake alishuka darajani na ndoo na brashi ngumu, akausugua ukuta ule kuanzia chini hadi mahali mkono wake ulipofika. Aliupata msumari wa kwanza. Akaendelea kusugua. Kiganja kimoja na vidole viwili juu yake, akaupata wa pili, una alama ya Tume kichwani.

Alikuja kwangu mchana, saa ambazo hajawahi kuja. Akakaa kizingitini na viatu vyake vilivyolowa, akaninyooshea vidole vyake vilivyochubuka, akasema, "Mama, ni mimi. Wale watu kule chini wanakauka kwa sababu yangu."

Alikuwa ameshamwambia mkuu wa kituo. Mkuu yule hakuwa mtu mbaya, naomba lieleweke. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na sababu. Alimwambia, "Tutaipandisha nguzo kidogo kidogo, sentimita moja leo, moja kesho kutwa. Tutafunga malango. Mvua nazo zinakaribia. Nani atajua?" Kikao cha pamoja cha nchi mbili kilikuwa kimebakiza siku tatu. Kama ingejulikana kwamba ni sisi tuliokosea, baada ya miezi mitatu ya kuwaita wenzetu waongo, kuna watu wangefukuzwa, na wa kwanza alikuwa anajulikana.

Na mimi, mama yake, ninayejivuna hapa mbele yenu, nilimwambia nini? Nitaandika, maana nimeshaikubali kazi hii. Nilimwambia, "Nyamaza, mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Una watoto wawili, huyu mdogo hata meno hajamaliza kuota. Mumeo kazi zake ni za leo ipo kesho haipo. Maji mtawapa, basi, wanataka nini zaidi?"

Hakunijibu kwa ukali. Hajawahi. Alivua kiatu kimoja, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akasema, "Tukinyamaza watapata maji, Mama. Lakini watabaki kuwa waongo. Kiangazi kingine wakisema wana kiu, nani atawaamini?"

Nikamwambia, "Na wewe ukifukuzwa, nani atakuamini?"

Akasema, "Hilo sijui." Akavaa kiatu chake, akaenda kusoma kipimo cha jioni.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi ule mrefu wa juu, wenye mapazia mazito na viti visivyokalika. Yaliyotokea nilisimuliwa na mhudumu wa chai, mama mwenzangu ambaye leo ni marehemu, na yeye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Mwanangu hakuitwa kusema. Aliitwa alete daftari la vipimo, aliweke mezani, atoke. Aliliweka. Hakutoka. Mkuu wa kituo akamtazama, akamtikisia kichwa. Mwanangu akafungua daftari kwenye ukurasa wa siku ya kusimikwa nguzo, akasema kwa sauti ambayo mhudumu alisema hata birika lilikuwa na kelele kuliko yeye:

"Kuanzia ukurasa huu, toeni kumi na nne kila mahali. Nilionyesha msumari usio wenyewe. Wenzetu walikuwa wanasema kweli."

Kisha akasimama kiongozi wa ujumbe wa nchi ya chini, mhandisi mwanamke mfupi mwenye miwani. Wengine husimulia kwamba alimkumbatia. Uongo. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Alisema, "Dada, miezi mitatu mji wangu unapanga foleni na madumu. Miezi mitatu nimeitwa mwongo kwenye gazeti, mama yangu akasoma. Unataka nikushukuru?"

Mwanangu akasema, "Hapana. Nataka muandike namba sahihi."

Malango yalifungwa mchana ule ule. Mwanangu naye alipewa barua ya kukaa nyumbani hadi uamuzi utolewe. Wiki sita. Nisiwadanganye, zilikuwa wiki mbaya. Alikuja kunisaidia kufua, akawa anakunja mashati ya watu kwa rula. Saa kumi na mbili ikifika, asubuhi na jioni, mikono yake ilikuwa inasimama yenyewe majini. Mkwe wangu alichomelea kila kilichovunjika mtaani, hata ambacho hakijavunjika. Mimi sikumwambia "nilikwambia." Nilitaka sana, lakini nilimtazama nikanyamaza, na hiyo ndiyo mara pekee ambayo kunyamaza kwangu kulikuwa na maana.

Wiki ya saba ikaja barua Tume, imetoka nchi ya chini. Karani mkuu wa wakati ule alinisomea, nikamwomba anisomee tena, kisha nikaichukua nikaisoma mwenyewe. Ilikuwa na mistari mingi ya kiofisi. Iliyobaki kichwani mwangu ni miwili, na iliandikwa na yule mhandisi mfupi mwenyewe: "Tumesikia mnafikiria kumwondoa msomaji wa daraja la juu. Nguzo mnaweza kubadilisha. Msomaji, tunaomba msimbadilishe."

Alirudi kazini Jumatatu. Na kutoka kwenye kosa lile ukaanza utaratibu ambao ninyi vijana mnaukuta na kudhani ulikuwepo tangu kuumbwa kwa mto: kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, msomaji wa juu anavuka kwenda kusoma nguzo ya chini, na msomaji wa chini anakuja kusoma ya juu, na wote wawili wanatia sahihi madaftari yote mawili. Yeye ndiye aliyeupendekeza. Nasikia watu wa mito mingine wamekuja kuutazama, wakapiga picha, wakaandika ripoti. Wangenipiga na mimi picha kama wangejua kuuliza.

Jumatatu ya kwanza ya utaratibu huo Jirani alikuja. Mara ya kwanza kuonana uso kwa uso, baada ya miaka tisa ya kusikilizana. Mtu mrefu, mwembamba, sauti yote ile ilikuwa inatokea wapi sijui. Akashuka ngazi, akainama, akasoma, akapanda. Akasema, "Mita moja na sitini na mbili, dada." Mwanangu akaandika. Halafu akaomba dakika moja, akaingia chumba cha redio na kufunga mlango.

Miaka iliyofuata ilikuwa na mengi. Kuna mwaka nchi zetu ziligombana kwa jambo lisilohusu maji hata tone, hata mpaka wa nchi ukafungwa miezi kumi na moja, na zile Jumatatu zikasimama. Amri ikatoka kwamba redio itumike kutaja namba peke yake, bila salamu. Asubuhi na jioni namba zikapita, kavu kama mbao. Ndani ya miezi hiyo mume wangu, mwashi, baba yake, alifariki. Kesho yake asubuhi mwanangu alikwenda kusoma kipimo, kwa kuwa aliyetakiwa kumshikia zamu alikuwa mgonjwa. Nilimsindikiza, nikakaa naye kwenye chumba kile. Akataja namba, na sauti ikamkatika katikati. Kisha Jirani akasema, "Rudia tafadhali." Akarudia. "Rudia tafadhali." Akarudia, safari hii sauti imetulia kidogo. "Rudia tafadhali." Mara nne alimrudisha, na mwanangu akawa anairudia na machozi yanamtoka, mpaka sauti ikanyooka. Ndipo Jirani akasema, "Nimepata." Mtu yule alikuwa amesikia mara ya kwanza, na hakuwa na neno lingine aliloruhusiwa kumpa.

Baadaye ilikuja mitambo inayosoma maji yenyewe na kutuma namba kwa simu. Wengi walidhani Bi Sentimita atanuna. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kujifunza, na ndiye aliyegundua kwamba mtambo wa kituo cha nne ulikuwa unamhesabu konokono aliyejibanza kwenye kitambuzi chake. Amefundisha wasomaji hamsini na watatu, wa pande zote mbili za mpaka. Somo lake la kwanza halina kalamu: humpa mwanafunzi brashi na ndoo, humwambia, "Sugua ukuta wote." Wasemao husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanangu amesifiwa miaka ishirini na nane, na maji yake hayajaongezeka hata sentimita.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu alivuka kwa mara ya mwisho kwenda kusoma nguzo ya chini. Nikamwambia nakwenda naye. Akasema, "Mama, una miaka themanini na moja, na gari linarusha." Nikamwambia nimerushwa na mengi. Kweli ni kwamba kulikuwa na jambo nililokuwa nimelibeba miaka yote hiyo, na sikutaka kufa nalo. Nilitaka kuwaona wale watu niliotaka wanyamaziwe.

Walipokuwa wanatia sahihi, niliomba kuonyeshwa mtaa wowote wa mji ule. Dereva akanishusha kwenye uchochoro wenye bomba la jumuiya kwenye kona, sakafu ya saruji imechimbika mahali ndoo zinapokaa. Mama mmoja alikuwa anachota. Umri wake ni kama wa mwanangu, kitambaa kichwani, mikono ya kazi. Akanisalimia, "Shikamoo, bibi. Umepotea?"

"Marahaba. Sijapotea. Ulikuwepo hapa mwaka ule maji yalipokatika?"

"Ule wa miezi mitatu? Nilikuwa na ujauzito wa miezi minane. Foleni inaanzia hapa, inazunguka msikiti wote ule. Kwa nini?"

Nikamwambia mimi ni mama wa msomaji wa daraja la juu.

Akaweka ndoo chini. Akageuka akaita mlango wa pili, "Wee! Njoo umwone mama wa Yule Aliyekosea!"

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Mwanangu ana jina, na ana vyeti." Wakatoka wanawake watatu, wakanizunguka, na mmoja alikuwa ameshaleta kiti. Nikaona hakuna anayenicheka. Basi nikakaa, nikalisema lile nililolifuata. Nikasema, "Nilimwambia anyamaze. Siku ile alipogundua, mimi mama yake, nilimwambia asiseme. Ningesikilizwa, ninyi mngeitwa waongo mpaka leo."

Wakatazamana. Yule wa kwanza akafungua bomba, akasuuza kikombe mara mbili, akakijaza, akanishikisha kwa mikono yake yote miwili.

"Bibi," akasema, "mimi nami siku zile nilimlaani mwanao kila nilipobeba ndoo, na sikumjua. Na tunamwita Yule Aliyekosea kwa sababu mpaka leo ni yeye peke yake. Kwani wengine hawajatukosea? Wametukosea sana. Ila hao hatuwajui."

Nikayanywa yale maji yote. Yalikuwa ya mto wetu.

Kwa niaba ya watumishi wenzake wa pande zote mbili, ambao wameniazima ukurasa huu, naishukuru Tume iliyomrudisha kazini, na namshukuru mkwe wangu kwa kila jioni aliyokula peke yake. Jirani, ambaye alistaafu miaka minne iliyopita na ameahidi kuwepo leo, na asipofika nitamfuata, ahsante kwa zile mara nne.

Na wewe, mwanangu. Miaka ishirini na nane nimekuwa nikijivunia ujasiri wako kana kwamba nilikufundisha mimi. Sikukufundisha. Ulinipita siku ile pale kizingitini, nami nimekuwa nikikufuata kwa nyuma, nikifurahia mgongo wako. Kuanzia kesho kutakuwa na mtu mwingine kwenye zile ngazi, na wewe utaamka jua limeshatoka, unywe chai yako ikiwa bado moto. Uwe na siku nyingi na afya ya kuzifaidi, usizipime. Sote tunakuombea uishi kwa raha, mama. Umepumzisha mioyo ya watu wa nchi mbili. Sasa pumzika na wewe.